Nilijitukana kwa Mshahara

Wiki jana niliwaacha nimesimama mbele ya meza ya meneja mpya, nimeulizwa swali moja tu: unabaki au unaondoka? Nilibaki. Msinilaumu kabla hamjanisikia. Mkishanisikia mtanilaumu vizuri zaidi.

Kwa aliyechelewa njiani: mimi ndiye yule mwanamke aliyeachwa na mume wa kwanza, akapata kazi ya kupokea malalamiko kwenye kampuni ya mchezo wa mtandaoni. Mchezo wenyewe ni Ngome Saba. Watu wanajenga ngome, wanaunda koo, koo zinapigana. Nami nikaingia kucheza kwa jina la Shangazi, nikapata ukoo, na ndani ya ukoo nikapata mchumba.

Yeye anashona viti vya magari. Mchezoni anaitwa Fundi, na nje ya mchezo anaitwa Fundi vilevile, kwa kuwa hana makuu. Posa ilishakubaliwa, siku ya ndoa ilishapangwa. Jambo moja tu hakulijua: kwamba mchezo ule alioupenda ndio ulionilipa mshahara. Kampuni ilitukataza kusema. Nilimwambia nafanya huduma kwa wateja, akaridhika, maana si mtu wa kuchokonoa.

Enzi tulizokutana, Ngome Saba ilikuwa ya ada. Unalipa ya mwezi, unaingia. Profesa na muuza mitumba, wote upanga mmoja. Ukitaka ukuta mrefu, unavumilia. Hapo ndipo nilipompendea Fundi: alijenga ukuta wake mwaka mzima bila kumwonea mtu wivu.

Meneja mpya akaja, akaifuta ada. Mchezo bure! Watu wakamiminika. Sisi ofisini tukapiga makofi, wajinga sisi.

"Ada ina dari," Meneja alitueleza siku ya kwanza, miguu juu ya kiti cha wageni. "Mtu akishalipa amelipa, anakwenda zake kulala. Hasira haina dari. Kuanzia leo tunauza hasira."

Mwenzangu akanyoosha mkono. Huyo tulimwita Mkunga, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwapokea wachezaji wapya, kuwapa zawadi za siku ya kwanza na kuwaambia kwamba wamezaliwa mashujaa.

"Na hawa wa bure, bosi, tunapata nini kwao?"

"Hao ni umati. Mtu hanunui upanga wa dhahabu akae nao chumbani. Anataka wa kumkata, na anataka wa kumwona akikata. Wa bure ndio wanaokatwa."

Mkunga akashusha mkono taratibu. Alikuwa amewapokea wengi asubuhi ile.

Mimi nikaundiwa cheo kipya na jina jipya la kuchezea. Jina: Kiberiti. Kazi: kuwasha. Namtafuta mchezaji mwenye dalili za kulipa, namvunjia ukuta wake, namtukana mbele ya ukoo wake, mpaka atie mkono mfukoni anunue silaha ya kunikomesha. Silaha zangu mimi hazinunuliwi. Meneja anabonyeza tu, zinakuja.

Sasa tuendelee.

"Huyu," Meneja akasema asubuhi moja, akigonga kioo cha kompyuta yangu kwa pete yake. "Mzee wa ada. Miaka analipa kila mwezi, hakosi. Tangu tufungue bure hajanunua hata mshale. Niwashie huyu."

Nikasoma jina. Fundi.

"Kwa nini huyu, bosi? Wako wengi wenye hela."

"Wenye hela wanacheza kwa hela. Wazee wa ada wanacheza kwa moyo. Anajua kulipa huyu. Hajafundishwa tu kulipa sana."

Ningesema pale pale: bosi, huyo ni mchumba wangu. Lakini kanuni ilikuwa mfanyakazi mwenye mtu wake mchezoni anafukuzwa, na mimi nilikuwa nimeshaonja kufukuzwa na mume, sikutaka kuonja na kampuni. Nikajipa moyo: namjua mtu wangu, hapandi hasira. Afadhali atukanwe na mimi kuliko atukanwe na mwingine.

Nikaandika kwa jina la Kiberiti: "Fundi, ngome yako ni kama kiti cha basi bovu, kunguni watupu."

Akajibu: "Karibu ukae."

Nilicheka hadi nikajifunika mdomo kwa mtandio.

Nikavunja ukuta wake. Akaanza kuujenga upya, jiwe moja moja, kama hana haraka na dunia. Nikamwita mzembe, mchovu, fundi viraka. Akaniuliza kama nimeshakula.

Jioni nilipompitia karakana, alikuwa kainamia cherehani yake kubwa ya ngozi, ile aliyoachiwa na marehemu mwalimu wake. Akaniambia huku akicheka, "Kuna jamaa anaitwa Kiberiti, ananitukana kutwa. Ana kipaji, masikini. Angekuwa na kazi ya maana angefika mbali."

"Achana naye," nikasema.

"Nimwache mara ngapi? Wala sijamshika."

Nikampenda upya siku ile. Mkumbuke hilo mtakapofika chini.

Meneja hakucheka. "Matusi ya kumtukana yeye hayamwingii," akasema. "Lazima pana mtu ambaye akiguswa, huyu ataumia. Anaongea na nani zaidi kwenye ukoo?"

Mkunga, kwa moyo wake mweupe, akajibu bila kuulizwa yeye, "Na mmoja anaitwa Shangazi. Wanaitana kila saa, utadhani kumbikumbi na taa."

"Basi mguse huyo Shangazi."

Mnielewe vizuri. Nilipewa amri ya kumtukana Shangazi, na Shangazi ni mimi. Kwa nje nilikunja uso, ndani nilikuwa nashangilia. Niliona Mungu kanitupia kamba. Nitajitukana mwenyewe, Meneja ataona kazi, na hapana mtu atakayeumia. Mtu akijipiga kofi mwenyewe, jirani analia nini?

Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga, na nilikuwa na akili zangu timamu.

Nikakaa sawasawa. Kompyuta mbele yangu, Kiberiti. Simu chini ya meza, Shangazi.

Kiberiti: "Shangazi wa nani huyo? Sauti kama bawaba ya choo."

Shangazi: "Mwanangu, Mungu akusamehe."

Kiberiti: "Kasamehewe wewe uliyezeeka kabla ya kuolewa."

Shangazi: "Tuendelee na vita, jamani, msimjibu."

Ukoo mzima ukawaka. Wakanitetea kwa maneno ambayo mama yangu mzazi hajawahi kunitetea nayo. Meneja akaja kusimama nyuma yangu, akasoma, akanigonga bega. "Una kipaji, dada."

Na nikiri kabisa: nilikuwa nacho. Kila mtu anajua panapomuuma kuliko anavyopajua adui yake. Nilijipiga mle mle. Kuna siku nilijiandikia jambo, nikaenda msalani kulia, nikarudi kulijibu kwa upole.

Jioni ile karakana Fundi hakucheka. Alikuwa anavuta uzi, na uzi ukakatika mkononi.

"Leo nimenunua sanduku," akasema.

"Sanduku gani?"

"La bahati. Linaweza kutoka yai la joka."

"Likatoka?"

"Zilitoka kofia mbili. Kesho nitanunua mengine."

Nikamshika mkono. "Fundi, huyo mtu hajanifanya kitu. Mimi siumii."

"Najua utasema hivyo. Wewe hujui kujitetea, ndiyo tabu yako. Mpole mno."

Nikambembeleza siku ile, nikambembeleza kesho yake. Nilimwambia nitajitoa kwenye ukoo. Akasema ukijitoa Kiberiti atakuwa ameshinda. Nilimwambia basi tucheze tu kama zamani, tujenge ukuta wetu. Machozi yakamlengalenga. "Ona roho yako ilivyo," akasema, na papo hapo akanunua masanduku mengine. Kadiri nilivyomwomba aache, ndivyo alivyoona nastahili kupiganiwa. Nilikuwa nazima moto kwa mafuta ya taa.

Joka likatoka hatimaye. Ukoo ulishangilia siku nzima. Meneja akabonyeza, na Kiberiti akapata joka kubwa kuliko lile. Fundi akanunua kichwa cha pili. Meneja akabonyeza, la Kiberiti likaota cha tatu. Mchumba wangu alikuwa anapanda ngazi ambayo juu yake amekaa mtu anaongeza vidato.

Na kila alichotoa, fungu lake lilikuja kwangu, ndiyo desturi ya kitengo. Kwa fungu hilo nilinunua gauni la harusi. Fundi alilishika upindo akiwa na jicho la kazi.

"Mshono huu mzuri. Umepata wapi uwezo?"

"Ofisini wamenitunuku."

"Mungu awabariki hao watu," akasema.

Halafu nikaingia karakana mchana mmoja nikakuta pale palipokuwa na cherehani pana alama nne safi kwenye sakafu, na vumbi pande zote.

"Iko wapi?"

"Imekwenda kutembea."

"Fundi, sitanii."

"Nimeiuza. Usinitazame hivyo. Viti vya mabasi nimempa mwenzangu amalizie. Jumapili hii ni vita kuu, nikimwangusha huyu mshenzi Jumapili, nitatulia, nitanunua nyingine."

"Ukimwangusha utapata nini?"

"Heshima yako."

"Nani kakwambia imepotea?"

Akanitazama kama mtu aliyepigwa na mwanawe. Lililokuwepo la kuongeza lilikuwa moja tu, na hilo lingenimaliza.

Nilikwenda kuitafuta cherehani kwa aliyeinunua. Alishaiuza mbele kwa vipande.

Alhamisi Meneja akanijia. "Vita ni Jumapili, na mtu wetu amepoa tangu jana. Niletee tusi la kuua."

"Yameisha, bosi. Nimeshasema yote."

"Hakuna mwanamke aliyeishiwa maneno. Chimba."

Nikachimba. Nilikuwa nimechoka, nina hasira na Meneja, nina hasira na Fundi aliyeniletea mapenzi yasiyosikia, nina hasira na huyo Shangazi na upole wake wa uongo. Vidole vikaandika vyenyewe:

"Muulizeni Shangazi wenu, mume wa kwanza alipomwacha alibeba nini. Godoro! Mwanamke akabaki analala juu ya chaga tupu za kitanda."

Nikatuma. Ndipo nikasoma nilichoandika.

Habari ile ya godoro ilikuwa kweli. Na duniani nilimwambia mtu mmoja tu, nikiwa nimejifunika uso, naye akaahidi kunishonea godoro ambalo mtu mmoja hawezi kulibeba.

Simu yangu ikatetemeka chini ya meza. Fundi alikuwa amemwandikia Shangazi, faragha.

"Habari ya godoro anaijua nani?"

Akajijibu mwenyewe.

"Mimi. Wewe. Na aliyelibeba." Kisha: "Kumbe ni yeye. Kikulacho ki nguoni mwako."

Akatoka hewani.

Nikampigia, hakupokea. Nikaomba ruhusa, Meneja akasema ngoja mauzo ya mchana. Nilipofika anakoshinda yule mume wa kwanza yalikuwa yameshakwisha, nikasimuliwa na waliokuwepo.

Mtalaka wangu ni mpaka rangi wa majumba, na akishakunja ngazi yake utampata ukumbi wa biliadi. Ni mtu wa majisifu. Maishani mwake hajawahi kuulizwa kama yeye ndiye fulani akakataa. Fundi aliingia, akamsimamia mbele ya marafiki zake, akauliza, "Wewe ndiye Kiberiti?"

Mtalaka wangu hamjui Kiberiti wala ngome. Lakini watu walikuwa wanatazama. Akapaka chaki fimbo yake, akasema, "Ndiyo mimi. Utanifanya nini?"

Fundi akampokonya ile fimbo. Kwanza taya. Kisha mikono yote miwili, maana ndiyo aliyojikingia.

Nataka niwaambie nililia niliposikia. Nililia baadaye. Kwanza nilifurahi, kwa muda wa kumeza mate, nikakumbuka chaga ilivyokuwa inauma mgongo.

Nikamkuta Fundi kwake, amekaa, vifundo vya vidole vimevimba.

"Nimemaliza," akasema. "Kiberiti hataandika tena."

"Ndugu zake wanasemaje?"

"Wanashauriana. Wengine wanataka polisi leo, wengine wanasema wasubiri taya alilofungwa waya lifunguliwe aseme mwenyewe. Waende. Mtu amekiri mbele ya ukumbi mzima. Ningekuwa nimempiga asiye na kosa, ningejipeleka kituoni kwa miguu yangu." Akanigeukia. "Wewe umenyamaza. Unamhurumia?"

"Hapana."

"Basi nichekee kidogo basi, mama. Yameisha."

Nikamchekea. Kweli nilidhani yanaweza kuisha. Kiberiti akinyamaza milele, mtalaka wangu atabaki ndiye Kiberiti, hata taya likifunguka nani atamwamini mtu wa majisifu? Nilikaa nikapanga hivyo, baridi kabisa, juu ya mgongo wa mtu aliyelazwa na plasta mikono miwili.

Ijumaa nikaingia kwa Meneja. "Bosi, Kiberiti anyamaze."

"Jumapili ndiyo mavuno yenyewe, wewe unataka jembe lilale?"

"Jumapili naumwa."

Akanikagua kutoka juu hadi chini. Nikategemea vitisho. Akatabasamu. "Ugua pole, dada. Pumzika."

Tabasamu la mwajiri halina bure, na mimi mtu mzima nilipaswa kulijua hilo.

Jumapili mchana nikaenda kwa Fundi na chakula. Vita vilipoanza nikakaa mbele yake makusudi, simu yangu nikaiweka juu ya meza ndogo, kifudifudi. Nilitaka anione. Mikono yangu nikaiweka magotini, kama mtoto anayepigwa picha.

Ukoo ukapigana kama enzi za ada. Waliocheza bure waliingia mbele wakakatwa wakarudi wakakatwa, lakini safari hii hapakuwa na joka la vichwa vitatu. Ngome ya Kiberiti ilikuwa imelala kimya. Fundi akauvunja ukuta wake wa kwanza. Akacheka kile kicheko cha karibu-ukae. Sikuwa nimekisikia tangu nianze kujitukana.

"Unaona?" akaniambia. "Unaona jinsi dunia inavyokuwa tamu mshenzi mmoja akinyamaza?"

"Naona."

Akauvunja wa pili. Akainuka kitini kwa raha. Akakaa tena, taratibu, macho kwenye simu.

Sikuhitaji kuuliza. Nilisoma usoni kwake. Akanigeuzia kioo.

Kiberiti: "Mbona kelele nyingi? Shangazi kashapata godoro?"

Na nyuma ya maneno, joka. Vichwa vitatu.

Fundi hakupigana tena. Aliweka simu mapajani, akawaacha wenzake wakichomwa.

"Yule amelazwa," akasema. "Mikono yote ina plasta."

Mikono yangu sikuiondoa magotini.

"Nimemvunja mtu bure."

"Fundi..."

"Subiri. Nataka nifikiri." Alifikiri huku anaitazama mikono yangu iliyotulia magotini, ushahidi wangu mwenyewe niliouandaa. "Habari hii tulikuwa watatu. Yeye hana mikono. Mimi nipo hapa. Wewe upo hapa, sijakuona ukigusa hata simu. Kwa hiyo kuna wa nne. Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Jambo lile ulinieleza umejifunika uso. Mwanamke hamwambii habari hiyo mtu wa barabarani." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Mwanaume gani?"

Nikaona milango miwili. Wa kwanza: nimwambie hakuna mwanaume, Kiberiti ni mimi, cherehani yako niliila mimi, gauni ulilolisifu ni cherehani hiyo hiyo, na yule aliyelazwa nilimvunja mimi kwa mikono yako. Wa pili: nikubali kwamba mimi ni malaya.

Mtu mwema angesimama akachagua. Mimi nikamwona Meneja, miguu juu ya kiti, anabonyeza. Nikamwona amekaa mbele ya kompyuta yangu dakika hiyo hiyo, anarudia maneno yangu kwa vidole vyake vyenye pete. Chuki ikanijaa mpaka kooni, na ilikuwa tamu.

"Meneja wangu," nikasema.

"Wa huduma kwa wateja?"

"Yeye ndiye anayeandika. Yuko ofisini sasa hivi. Ghorofa ya tatu, mlango usio na kibao."

"Ulilala naye?"

Sikusema ndiyo. Nimekuwa nikijitetea kwa hilo mpaka leo, kwamba sikusema ndiyo. Niliinamisha kichwa, nikaacha kichwa kiseme.

Fundi alisimama. Akaenda kwenye kabati la vifaa vyake, vile vichache ambavyo hakuwa ameviuza, akatoka na mkasi wa kukatia ngozi. Hakunitukana. Alivaa viatu, akafunga kamba vizuri, akapita mbele yangu kama unavyopita mbele ya kiti. Mlango ukafungwa.

Ofisi haikuwa mbali. Ningeweza kumkimbilia. Nilikaa.

Nilikaa muda nikiwasikiliza majirani wanafua, na nasema kweli tupu: nilimtaka Meneja apate alichopata mtalaka wangu. Nilikuwa naihesabu ile pete.

Simu yangu ikalia. Nikaigeuza. Meneja.

Nyuma ya sauti yake watoto walikuwa wanapiga kelele, na maji yanarushwa.

"Dada, umepata nafuu?"

"Uko wapi?"

"Nimewaleta watoto kuogelea. Ndiyo Jumapili yenyewe, wewe umepumzika na mimi nipumzike. Umemwona Kiberiti wa leo? Nimemweka Mkunga kwenye kiti chako. Nimempa maandishi yako yote ya nyuma, anayarudia neno kwa neno, anajitahidi. Ila yuko peke yake ofisi nzima, ana wasiwasi. Mpigie umpe moyo, eh?"

Akakata.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimwogopea Mkunga kwanza, mwanamke yule asiye na baya, peke yake kwenye ghorofa tupu, na mwanaume anapanda ngazi ana mkasi. Sikumwogopea kwanza. Kwanza niliogopa kwamba Fundi atauliza, na Mkunga atajibu. Huyo kazi yake ni kumpokea kila anayeingia na kumweleza kila kitu.

Nikampigia Fundi. Simu yake ikaita pale pale alipokuwa amekaa, juu ya mto wa kiti.

Nikampigia Mkunga. Akapokea mara moja.

"Afadhali umepiga, dada! Mimi maneno yako haya nayaandika huku natetemeka, ulikuwa unayatoa wapi? Huyu Shangazi wa watu alikukosea nini?"

"Mkunga, nisikilize. Mlango umefungwa?"

"Umefungwa. Ehe, kuna mtu anagonga. Ngoja nichungulie. Mwanaume, simjui, kavaa kama anatoka kazini." Akaweka mkono kwenye simu, nikasikia sauti mbili, moja naijua. Akarudi, na sauti imechangamka. "Dada! Mbona hukuniambia? Anasema ni mchumba wako!"

"Usifungue. Mkunga, usi..."

Lakini alishaondoa simu sikioni. Nikasikia komeo likivutwa, na sauti yake ya kuwapokea wageni wa siku ya kwanza.

"Karibu, shemeji, karibu ndani. Kaa hapa, ndicho kiti chake."